Rabii Imefika Batha: Nani Kaiona?



Mwezi huu tunapenda kuwazungumzia wasomaji wetu jambo ambalo aghlabu huwapita watu wa mitaa yetu pasi na kuligundua, nalo ni kuingia kwa rabii. Wengi wetu tumezoea kusema kuwa nchi hii ina majira mawili tu, joto na baridi, na kwamba baina ya hayo mawili hapana kitu ila vumbi. Maneno haya yamekaririwa mno majumbani mwetu, hata watoto waliozaliwa hapa wameyapokea kama walivyopokea hesabu ya mara mbili. Bibi akipiga simu kutoka Unguja au Mombasa na kumwuliza mjukuu wake, "Huko kwenu sasa ni msimu gani, mjukuu wangu?", jawabu analolipata ni moja mwaka mzima: "Joto, bibi." Kisha kimya.

Kimya hicho ndicho kilichotufanya tushike kalamu. Bibi huyo amekulia katika hesabu ya masika na vuli, kaskazi na kusi; ukimwambia kuwa upepo umegeuka, atakwambia nini kitapandwa na samaki gani watapatikana. Mtoto asiyejua msimu wa mahali anapoishi hana habari ya kumpa mzee huyo, wala hana pa kuzifunganishia habari anazopewa. Tunafahamu vilevile kwamba wengi wetu tunaishi na sanduku karibu na mlango. Tangu ada ya wategemezi ilipoanza Julai 2017 kwa riyali 100 kwa kila mtu kwa mwezi, ikapanda hadi riyali 400 mwaka 2020, familia nyingi za kigeni ziligawanyika: baba akabaki, mama na watoto wakarudi. Mwenye kuhesabu miezi ya iqama haoni sababu ya kuhesabu maua. Lakini miaka ya mtoto haisubiri iqama. Miaka minane au kumi ya utoto ikipita Riyadh, basi Riyadh ndiyo itakayokuwa nchi ya utotoni mwake, apende asipende, na ni vizuri awe na kitu cha kuikumbukia zaidi ya kiyoyozi na ngazi za jengo.

Kwanza tulifahamu neno lenyewe. Katika vitabu vya shule rabii ni miezi mitatu yenye mwanzo na mwisho. Mtajie neno hilo mzee wa Kinajdi, naye hatafikiria kalenda, atafikiria majani. Kwake rabii ni malisho yanayoota jangwani baada ya mvua. Ikinyesha vyema husema kuwa mwaka huu kuna rabii. Isiponyesha husema hakuna, hata kama Machi imeingia na kutoka. Mvua ya Riyadh kwa mwaka mzima ni kiasi cha milimita 100, ilhali Unguja hupata zaidi ya milimita 1,500. Kwa hiyo rabii hapa ni riziki kama riziki nyingine, kuna mwaka wa kupewa na mwaka wa kunyimwa, na ndiyo maana mvua ikikawia Mfalme huwatangazia watu Sala ya Istisqaa, wakasimama misikitini asubuhi katika nchi nzima kuiomba.

Wala tusiichanganye na mwezi wa Rabiul Awwal, ambao sisi tunauita Mfungo Sita. Maana ya jina lake ni rabii ya kwanza, lakini kwa kuwa mwaka wa Hijria ni mfupi kuliko mwaka wa jua kwa siku kama 11, mwezi huo huyazunguka majira yote katika muda wa miaka 33 hivi. Mwaka 2025 Mfungo Sita uliingia mwishoni mwa Agosti, wakati lami ya Batha ilikuwa ikiyeyusha soli za viatu. Rabii ya kweli ya mwaka ule iliangukia ndani ya Ramadhani, iliyoanza tarehe 1 Machi.

Na Batha yenyewe? Kwa Kiarabu jina hili ni mahali pa mchanga na changarawe panapopita maji ya bonde. Barabara tunayoivuka kila siku, baina ya maduka ya simu, ya vitambaa na ya kutuma fedha, imelalia juu ya njia ya bonde lililokuwa likipita mashariki ya mji mkongwe wa Riyadh, mji wa nyumba za udongo uliozungukwa na ukuta na mashamba ya mitende. Maji yalitiwa chini, juu ikamwagwa lami. Sisi basi ni wakaazi wa bondeni, na rabii ilikuwa na haki ya ujirani hapa kabla yetu sote.

DALILI ILIYO UKUTANI

Dalili ya kwanza haihitaji kutoka nje. Itazameni ratiba ya sala iliyobandikwa jikoni. Mwanzoni mwa Disemba Magharibi ya Riyadh huingia kiasi cha saa 11 na dakika 5 jioni. Ikifika tarehe 21 Machi imekwisha kupita saa 12, na mwishoni mwa Juni inakaribia saa 12 na dakika 45. Mchana wa Disemba una saa 10 na nusu hivi. Wa Juni una zaidi ya saa 13 na nusu. Kule kwetu, karibu na mstari wa Ikweta, Magharibi haichezi sana: baina ya siku ya mapema kabisa na siku ya kuchelewa kabisa pana kama nusu saa tu, na ndiyo maana wazee wetu hawakuyapima majira kwa urefu wa mchana bali kwa pepo na mvua. Mtoto akiandika saa ya Magharibi kila Ijumaa katika daftari, kuanzia Januari hadi Mei, atakuwa ameiona rabii ikitembea kwa miguu yake mwenyewe.

Watu wa Najdi, kwa upande wao, wana hesabu nzuri ya kuutoa msimu wa baridi, na tungependa kila nyumba yetu iijue. Kuanzia kiasi cha tarehe 10 Februari wanahesabu nge watatu, kila nge siku 13. Wa kwanza wanamwita nge wa sumu, kwa sababu baridi yake bado inaweza kuua. Wa pili ni nge wa damu, anayejeruhi lakini hauui. Wa tatu ni nge wa shahamu, kwa kuwa katika siku zake wanyama wamekwisha kula majani mabichi na kunona. Nge wa tatu akimaliza siku zake, kiasi cha tarehe 20 Machi, baridi imekwisha. Ndani ya siku hizo hizo, mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, huweza kurudi baridi kali ya ghafla ambayo Waarabu wanaiita baridi ya ajuza. Kina mama wa Batha wasioijua hesabu hii huyakunja mablanketi na kuyapandisha juu ya kabati mara wanapohisi joto la Februari, kisha huyateremsha tena usiku wa manane mtoto akikohoa. Msiyapandishe kabla ya nge wa tatu.

MITENDE INAOZESHWA

Ukitoka Batha kwa miguu kuelekea kaskazini, kwa mwendo usiozidi nusu saa utafika kwenye bustani za Kituo cha Kihistoria cha Mfalme Abdulaziz, kilichofunguliwa mwaka 1999, palipo na Jumba la Murabba na Makumbusho ya Taifa. Mwenye watoto wadogo anaweza kupanda treni ya mji, iliyoanza kazi tarehe 1 Disemba 2024: njia ya buluu ina kituo cha Batha na kituo cha Makumbusho ya Taifa, navyo vinafuatana. Tunawashauri mwende mara ya kwanza katika Februari na mara ya pili katika Machi, na mkifika hapo msitazame chini. Tazameni vichwa vya mitende.

Baina ya makuti mtaona karara, mfano wa karara la mnazi ila jembamba na laini zaidi, limesimama wima kama upanga ndani ya ala. Siku yake ikifika hupasuka, na ndani yake mkatoka nyuzi nyingi nyeupe zilizobeba vichane vidogo kama punje za mchele. Sasa hapa pana jambo ambalo mtoto wa pwani analifahamu upesi ukimkumbusha mpapai: mtende nao una dume na jike, na dume hazai. Katika pori upepo hufanya kazi ya kuwakutanisha, lakini mkulima haachii upepo. Hukata shada la dume, akapanda jike kwa kamba iliyozungushwa kiunoni na shinani, akapachika vijiti vichache vya dume ndani ya karara la jike na kulifunga kwa ukuti ili kisianguke kitu. Ungaunga wa dume moja unatosha majike mengi, na kwa hiyo katika shamba zima utakuta madume machache tu. Kazi hii ni ile ile aliyoipita Mtume (S.A.W.) ikifanywa na watu wa Madina, kama ilivyopokewa katika Sahihi ya Imam Muslim. Asiyeozeshwa kwa wakati huzaa tende kavu zisizo na koko wala utamu. Aliyeozeshwa Machi, rutab zake za kwanza zitauzwa Batha katika joto la Juni na Julai, na mtoto aliyeliona karara likipasuka atajua alichokitia mdomoni kimetoka wapi.

Katika bustani hizo na katika viambaza vya nyumba za zamani mtauona pia mkomamanga ukitoa majani mekundu-mekundu kabla hayajageuka kijani, na mtini uliokuwa vijiti vitupu mwezi wa Januari ukifumua majani kama viganja vya mtoto. Mforosadi ndio unaopendwa zaidi na watoto wetu, kwa sababu ifikapo Aprili hutia madoa ya zambarau kwenye kanzu.

WAGENI WA ANGANI

Juu ya viyoyozi vya madirisha, tetere hujenga kiota cha vijiti kumi na tano visivyoweza kumtosha kuku, na wanataga humo. Tafadhali mafundi na wapangaji wasikitupe nje kabla makinda hayajaruka. Ni wiki chache tu, na sala za ndani ya nyumba hazidhuriki kwa sauti yao. Shore wa hapa, mwenye shavu jeupe, ni ndugu wa shore wetu, na huanza kuimba kabla ya Alfajiri katika mti wowote uliobaki.

Lakini wageni wenyewe ni wale wanaopita. Kuanzia Februari, katika majani yaliyonyweshwa ya vijibustani na katikati ya barabara, mtamwona hudihudi mwenye kilemba cha manyoya, akichoma ardhi kwa mdomo mrefu. Hahitaji kujulishwa kwa watoto wa madrasa: ndiye aliyemletea Nabii Suleiman (A.S.) habari ya Malkia wa Sabaa, kama ilivyo katika Sura ya An-Naml. Katika Machi na Aprili wanapita mbayuwayu, wakiruka chini chini baina ya majengo kuwakamata wadudu. Na baada yao keremkerem wa rangi saba, makundi kwa makundi, ambao mara nyingi utawasikia juu kabla hujawaona.

Hapa tunaomba msomaji atue kidogo. Mbayuwayu hawa na keremkerem hawa walikaa kipupwe cha Ulaya na Asia huko kwetu Afrika, mashariki na kusini, na sasa wanarudi kaskazini kwenda kuzaa. Yule anayekatisha juu ya paa la jengo lenu huenda mwezi uliopita alikuwa juu ya shamba la mpunga Pemba au juu ya mbuga za Tsavo. Hana pasi wala iqama, na hapa Batha anasimama usiku mmoja, anakula, anaondoka. Ikiwa bibi atauliza tena habari za msimu, mjukuu anayo ya kumwambia: mbayuwayu wenu wamefika, bibi, na je, huko wamekwisha ondoka?

KINACHOOTA

Katika mwaka ulionyesha vizuri hakuna haja ya gari kuona majani. Viwanja vitupu nyuma ya majengo, penye kifusi na mabati, huota mmea mfupi wenye majani ya mviringo kama miavuli midogo. Waarabu wanauita khubbaiza. Ukipikwa huteleza kama mlenda, na kina mama wa Kishami huupika kweli. Wa viwanjani mwetu, hata hivyo, ni wa kutazamwa tu, kwani hatujui kilichomwagwa pale. Sokoni utakuta mafungu ya hummaidh, majani manene yenye uchachu kama mchicha uliokamuliwa ndimu, nayo huletwa katika miezi hii tu.

Sokoni pia, kuanzia Januari hadi Machi, utaiona faga, na ukiiona utadhani ni viazi vilivyonyauka. Ni aina ya uyoga unaokaa chini ya ardhi. Katika Kiarabu fasihi huitwa kam'a, na Mtume (S.A.W.) alituambia kuwa ni katika jamii ya manna na kwamba maji yake ni dawa ya jicho; Hadithi hiyo imo katika Bukhari na Muslim. Faga haipandwi kama mahindi. Hukaa pamoja na mizizi ya mmea mdogo wa jangwani uitwao raqruq, na huhitaji mvua ya mapema, ile inayonyesha katika msimu wa wasm, unaoanza katikati ya Oktoba. Mvua hiyo ikikosekana, hata ikinyesha Februari yote haifai kitu. Anayeitafuta hutembea ameinama, jua likiwa bado chini ili vivuli viwe virefu, akitafuta mahali ardhi ilipopasuka na kuinuka kidogo. Nyeupe na kubwa huitwa zubaidi, nyekundu-nyeusi huitwa khalas, na bei zake huweza kufika mamia ya riyali kwa kilo, kwa hiyo sisi wa Batha tunainusa na kupita.

Wenye gari, au jamaa watakaochanga kukodi basi dogo, wataiona rabii katika ukamilifu wake Rawdhat Khuraim, kiasi cha kilomita 100 kaskazini-mashariki ya Riyadh. Huko mabonde humwaga maji yake katika uwanda, na mvua ikiwa imekubali, ardhi hufunikwa na khuzama, ua dogo la zambarau hafifu lenye harufu nzuri. Ni kwa ajili ya rangi ya maua haya ya jangwani kwamba mwaka 2021 serikali ilibadilisha mazulia ya kupokelea wageni wakubwa kutoka nyekundu kuwa zambarau. Sehemu hiyo sasa imo katika hifadhi ya kifalme, na sheria ya mazingira ya mwaka 2020 inaadhibu kukata miti, kupitisha gari juu ya majani na kuwasha moto pasiporuhusiwa. Chukueni mkaa wenu na sinia ya kuuwekea, na mrudi na takataka zenu. Faini haziulizi mtu katoka nchi gani.

Aliye karibu na Wadi Hanifa hana haja ya kwenda mbali. Bonde hilo, lenye urefu wa kilomita 120 hivi, lilikuwa jaa la vifusi na maji machafu hadi lilipoanza kusafishwa, na mwaka 2010 kazi hiyo ilipewa Tuzo ya Aga Khan ya Usanifu. Hapo kuna njia za miguu, mitende, mikunazi na miti ya talh, na Alhamisi jioni utasikia Kiswahili katika mikeka mingi.

NDUGU ZETU WA JEDDAH

Wasomaji wa Jeddah watatuambia kuwa haya yote ni ya Riyadh, na kwamba kwao baridi haiji wala rabii haina pa kuingilia. Ni kweli kwa kiasi fulani. Pwani ya Bahari ya Shamu haina nge watatu. Lakini wanao mwarobaini. Katika mji mkongwe wa Al-Balad, mbele ya Nyumba ya Nassif iliyojengwa baina ya 1872 na 1881, umesimama mwarobaini uliokuwa kwa miaka mingi mti pekee wa mji ule, hata nyumba ikaitwa nyumba yenye mti. Wenye asili ya Unguja hawahitaji kuambiwa mwarobaini ni nini, wala ladha ya maji yake. Katika rabii mti huu huangusha majani ya manjano, huvaa mengine mapya ya rangi ya shaba, kisha hutoa vijiua vyeupe vyenye harufu ya asali usiku. Maelfu ya miarobaini ilipandwa pia katika uwanja wa Arafa kuwafunika mahujaji na jua.

Tena wanao kunguru. Kunguru wa Jeddah mwenye shingo ya kijivu ni yule yule wa Kihindi aliyeletwa Unguja katika miaka ya 1890 na kuwa balaa kwa vifaranga. Mkimwona na waya au kijiti mdomoni, msimu umegeuka.

Na juu ya milima, mwendo wa gari wa saa mbili hivi, iko Taif ya mawaridi. Mavuno yake huanza mwishoni mwa Machi na kuchukua Aprili yote. Huchumwa alfajiri kabla jua halijanyonya mafuta, yakatiwa katika masufuria makubwa na kuchemshwa, na mvuke wake ndio marashi na mafuta ya waridi, ambayo hutumika pia katika kuiosha Al-Kaaba Tukufu. Mwaka 2024 UNESCO iliiandika kazi hii katika urithi wa wanadamu. Arusi zetu zote zimenukia waridi. Ni vizuri mtoto aone mara moja linavyochumwa na umande wake.

UPANDE WA HATARI

Rabii ina meno pia. Kuanzia mwishoni mwa Machi hadi katikati ya Mei huja mawingu ya alasiri ambayo watu wa hapa huyaita sarayat. Asubuhi anga ni safi. Baada ya Alasiri upepo hufunga, ukuta wa vumbi hutangulia, kisha radi, mvua nzito na pengine ya mawe. Vumbi peke yake si la kudharauliwa: tarehe 10 Machi 2009 tufani yake iliufunika mji wa Riyadh mchana kweupe. Wenye pumu, na hasa watoto, wawe na dawa zao mkononi katika wiki hizi, madirisha yafungwe mara upepo unapobadilika.

Kubwa zaidi ni mabonde. Mtu wa pwani amezoea mvua inayonyesha juu ya kichwa chake. Hapa maji huja kutoka mvua usiyoiona, iliyonyesha mbali juu ya mawe yasiyonyonya tone. Bonde lililokuwa kavu wakati wa kutandika mkeka huweza kubeba gari kabla chai haijachemka. Jeddah haijaisahau tarehe 25 Novemba 2009, siku ya nane ya Mfungo Tatu, maji yalipoua watu zaidi ya mia moja. Basi tandikeni juu, msitandike katikati ya mchanga laini hata ukiwa mzuri namna gani kwa watoto kuchezea, na simu ikileta tahadhari ya Ulinzi wa Raia, kunjeni mkeka bila mjadala.

KILIMIA

Tumeiacha kwa mwisho dalili inayotufunga na nyumbani kuliko zote. Katika usiku wa Machi, baada ya Isha, watoeni watoto mahali penye taa chache na mtazame magharibi. Mtaona kifungu kidogo cha nyota sita au saba zilizosongamana kama chembe za chumvi. Waarabu wanakiita Thurayya. Sisi tunakiita Kilimia, na jina lenyewe linatoka katika kulima. Kila usiku kitakuwa chini zaidi, hata kiasi cha tarehe 28 Aprili kitazama pamoja na jua na kisionekane. Wanajdi huhesabu kufichikana huko siku kama 40, mpaka kiasi cha tarehe 7 Juni, kinapochomoza tena alfajiri upande wa mashariki. Na hapo husema kiangazi kimeingia. Wahenga wetu walihesabu nyota zile zile katika siku zile zile: kikizama wakati wa jua, walisema, kitazuka na mvua, na kikizama wakati wa mvua kitazuka na jua. Walikuwa na miongo yao pia, siku kumi kumi kutoka Nairuzi mpaka Nairuzi, ambayo manahodha waliishika kichwani na ambayo leo wengi wanaijua kwa Mwaka Kogwa wa Makunduchi tu.

Wala hili la nyota si sadfa tupu. Jua linaporudi kaskazini baada ya Machi, ardhi ya Bara Arabu na Asia hupata moto, hewa yake hupanda, na upepo wa baharini huvutwa kutoka kusini kuja kujaza pengo. Kaskazi, iliyokuwa ikileta majahazi kutoka Maskati na Mukalla tangu Disemba, hulegea na kufa. Kusi huinuka, na majahazi yalikuwa yakirudi nayo. Baina ya pepo hizo mbili ndipo masika hunyesha kwetu. Joto lile la kwanza linalotufanya Batha tuzime hita na kulalamika ni sehemu ya kazi ile ile inayolowesha mapaa ya Lamu na kuwatoa wakulima wa Pemba na majembe. Bibi akisema masika yamechelewa, mjukuu atazame magharibi na amwambie Kilimia kimefika wapi.

Toleo lijalo tutatenga ukurasa mmoja kwa watoto. Atakayemwona hudihudi, mbayuwayu wa kwanza, karara lililopasuka au Kilimia kikiwa juu ya upeo, aandike tarehe, mtaa na saa ya Kiswahili, atie na umri wake, na karatasi ampe yule anayewaletea nakala hii. Wa Jeddah waandike habari za mwarobaini na kunguru. Na kama babu au bibi kwa simu ametaja mvua ya kwanza ya masika, tarehe yake iandikwe pembeni.